Idadi ya Wakazi

3 Juni

Gundi mwanangu,

Natumai hujambo na magodoro yenu yanauzika. Mimi sijambo, ila kazi imenibana kila upande. Wiki hii vimeingia viti kumi na viwili vya ukumbi wa mikutano, vyote vimepasuka mahali palepale, sijui hao wanaokutana huwa wanakalia nini mifukoni. Chumba chako nacho nimekijaza viti vya wateja. Kwa hiyo likizo hii usijisumbue kuja, hutapata hata pa kulaza kichwa.

Utanivumilia na hii taipureta. Tangu yule mteja aniachie dawati lake na mashine ndani yake nimeizoea, na kalamu huwa zinapotelea kwenye vumbi.

Sasa kuna jambo. Jumatatu alikuja bwana mmoja wa jiji na ndoo na brashi, akanibandikia karatasi kwenye geti bila hata hodi. Nakunakilia neno kwa neno:

"ILANI KWA WAMILIKI WA MAJENGO. Kufuatia Mpango Mpya wa Matumizi ya Ardhi, mtaa huu umewekwa katika Eneo la Makazi. Mmiliki mwenye biashara au karakana ndani ya eneo hili awasilishe uthibitisho wa matumizi yaliyokuwepo kabla, kwa mujibu wa Kifungu cha 14, ndani ya siku sitini."

Nimewamba viti mtaa huu tangu wewe hujazaliwa, leo karatasi inaniambia niko kwenye eneo! Mwalimu mstaafu wa nyumba ya mbele kaisoma mara mbili, akasema maneno yote anayajua ila yakikaa pamoja hayajui. Wewe ndiye mwakilishi wa wafanyakazi huko kiwandani, unayemsomea meneja vifungu mpaka kichwa kinamuuma. Nieleze hawa watu wanataka nini.

Baba yako,
Fundi Viti


11 Juni

Baba, shikamoo.

Nimekwenda duka la vitabu la serikali nikanunua kijitabu cha huo mpango, nimekisoma kantini muda wa chakula siku mbili mfululizo. Wenzangu wameniona nimechanganyikiwa.

Kwanza tulia, hakuna anayekuja kuchukua nyumba. Hati inasema nyumba ni ya nani. Mpango wa ardhi unasema ndani ya nyumba hiyo kufanywe nini. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na watu wengi wanavichanganya wanaishia kupigana na karani bure. Jiji limechukua ramani limeipaka rangi: njano ni nyumba za kuishi, nyekundu ni maduka, zambarau ni viwanda na karakana. Mtaa wetu umekuwa njano. Karakana inatakiwa iwe zambarau. Ndiyo maana ukabandikiwa karatasi.

Lakini waliotunga kanuni hawakuwa wajinga. Wanajua mji ulikuwepo kabla ya rangi zao. Kifungu cha 14 kinasema kazi iliyokuwa ikifanyika kabla ya mpango inaruhusiwa kuendelea palepale, na hata mtoto wa mwenye nyumba anaweza kuirithi na kuiendeleza. Sharti ni moja tu. Kazi hiyo isiwe imesimama miezi kumi na miwili mfululizo. Ikisimama mwaka mzima, haki imekufa, na haifufuki hata ukifungua mlango kesho yake.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Wewe usimame mwaka! Mama alipofariki ulirudi kwenye benchi siku ya nne, na mimi nilikuchukia kwa hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo nitumie chochote chenye tarehe: stakabadhi za vitambaa, daftari la wateja, picha. Mengine niachie.

Na jingine. Wanataka kunipa ukuu wa kitengo cha kukata sponji. Mkataba ni wa miaka mitano, na wakisha kunisainisha hawatoi ruhusa ya kuondoka katikati. Wanataka jibu kabla ya tarehe 31 Agosti. Nikijua karakana iko salama, nitajua la kuwajibu.

Binti yako,
Gundi


19 Juni

Gundi mwanangu,

Marahaba. Nimesikia, mkuu wa kitengo! Nimemwambia Mwalimu, naye kawaambia watu wa duka la mkate, sasa napewa hongera na watu ambao hata sijui wanakaa wapi. Saini, mwanangu. Usiwape nafasi ya kubadili mawazo. Karakana isikutie wasiwasi, fanya ni salama, chukua kalamu, maliza.

Kuhusu stakabadhi, zilikuwa kwenye lile boksi chini ya benchi na bomba lilipasuka, zimekuwa uji. Daftari la wateja sikumbuki nililiweka wapi. Picha nani anapiga picha ya mtu anapigilia misumari?

Nimefikiri tuwaachie watu wa jiji hiyo rangi yao. Nimeshakula chumvi nyingi, sitaki kupanda ngazi za ofisi na kuitwa "mzee kaa pale usubiri". Wakija nitafunga milango miwili mitatu, watachoka wenyewe. Suala hili lifungwe.

Leo nimemaliza sofa ya daktari wa meno. Springi zote mpya. Inakaa vizuri kuliko kile kiti chake cha mateso.

Baba yako


27 Juni

Baba, shikamoo.

Hapana, halifungwi. Hujaniambia hata siku moja katika maisha yangu "tuwaachie", sijui umeokota wapi neno hilo.

Na nimeshapata dawa. Nililala nikiwaza ushahidi wenye tarehe, kumbe nimeulalia! Barua zako zimo kwenye boksi chini ya kitanda changu. Tangu Aprili ya mwaka jana umeniandikia barua kumi na nane. Kila moja ina tarehe yako, bahasha ina muhuri wa posta, na hakuna hata moja isiyotaja ulichokuwa unakifanya siku hiyo. Viti sita vya zahanati. Benchi la kinyozi. Kiti cha kuzunguka cha yule wakili mnene. Viti vya ukumbi. Sofa ya daktari wa meno. Mwezi baada ya mwezi, hakuna pengo hata la wiki tano. Wakili angeniomba nimuuzie.

Nimezipanga kwa tarehe, nimeziwekea barua ya utangulizi inayotaja Kifungu cha 14, na jana nimezituma kwa rejista kwa Afisa Mipango Miji. Nimeandika kwamba baba yangu ni mtu wa maneno machache na hana sababu ya kumtilia chumvi binti yake.

Najua utanuna kwa kuwa barua zako zitasomwa na watu baki. Nuna tu. Siku sitini zinakwisha mwishoni mwa Julai, na wewe ulikuwa tayari kukaa.

Gundi


8 Julai

Kwa Mmiliki wa Nyumba,

YAH: UTHIBITISHO WA MATUMIZI YALIYOKUWEPO KABLA (KIFUNGU CHA 14)

Ofisi imepokea barua kumi na nane zilizowasilishwa na binti yako kwa niaba yako. Ofisi inatambua kuwa barua binafsi zinaweza kukubaliwa kama ushahidi endapo mwandishi wake atafika mbele ya Kamati na kuapa kuwa yaliyomo ni kweli.

Unatakiwa kufika tarehe 25 Julai, saa tatu asubuhi, chumba namba 6, ghorofa ya pili. Lifti haifanyi kazi. Uje na kitambulisho.

Afisa Mipango Miji


10 Julai

Gundi mwanangu,

Marahaba. Barua hii naipiga polepole, uisome polepole pia.

Karakana imefungwa tangu tarehe tisa Aprili mwaka jana.

Siku hiyo nilikuwa nawamba kiti cha jikoni, nyundo ikaniponyoka. Niliitazama pale chini, nikauambia mkono uinuke uichukue, mkono ukakataa. Mwalimu ndiye aliyenikuta. Nilikaa hospitali wiki mbili, ile safari niliyokuambia nimefuata mbao. Ni kiharusi. Mguu umerudi, mdomo umerudi, mkono wa kulia haujarudi na daktari kasema nisiungojee. Hakuna mteja aliyeacha dawati. Taipureta ni ya Mwalimu, napiga kwa kidole kimoja cha kushoto. Nilijua ukiuona mwandiko wangu wa sasa utapanda basi siku hiyohiyo.

Chumba chako hakina kiti hata kimoja. Nimekifunga tu.

Viti nilivyokuandikia vilikuwepo kweli, ila ni vya zamani. Nilikuwa nakaa hapa mbele ya mashine namkumbuka mteja mmoja baada ya mwingine. Vile sita vya zahanati nilivifanya ukiwa darasa la tano, wewe mwenyewe ulinishikia misumari. Daktari wa meno alishahama mji. Ukitaka kujua ukweli wote, baada ya miezi michache nikawa naisubiri siku ya kukuandikia, maana ndiyo siku pekee niliyokuwa nafanya kazi.

Nilificha kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi yako nzuri uje kunikatia nyama kwenye sahani. Nikasema bora unione mbishi kuliko unione hivi. Naona aibu, mwanangu. Naona aibu ya kukudanganya, na zaidi ya yote naona aibu kwamba umeuchukua uongo wangu ukaupanga kwa tarehe ukaupeleka ofisini kwa moyo safi.

Sasa tarehe 25 wananitaka nikaape. Mwalimu anasema niape tu, nani atajua, majirani hawatanisaliti. Nikiapa, karakana inabaki na wewe unasaini mkataba wako roho ikiwa kwatu. Nisipoapa, imekwenda. Sijui la kufanya.

Baba yako


17 Julai

Baba,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye lango la kiwanda, nikaingia ndani nikakata sponji vipande arobaini kwa kipimo kisicho chake. Vyote vimetupwa.

Nimekasirika. Nakuambia wazi ili usije ukadhani nimeelewa. Miezi kumi na mitano umelala hospitali, umejifunza kuvaa shati upya, umekula peke yako, na mimi huku nakusimulia habari za meneja! Mwalimu kajua. Muuza mkate kajua. Mtaa mzima umejua ila mimi.

Vile viti vya zahanati nilivikumbuka, Baba. Niliposoma nilijua ni vilevile. Nilidhani vimerudi kwa sababu vimechakaa tena.

Sasa na wewe soma polepole. Nilipoandika kwamba nikijua karakana iko salama nitajua la kuwajibu, ulielewa kwamba nitasaini. Nilikuwa namaanisha nitakataa. Nilitaka kurudi nyumbani niwambe viti. Kwa nini unadhani nilikisoma kile kifungu mpaka mstari unaosema mtoto anaweza kuiendeleza? Mwaka jana nilinunua nyundo ya sumaku na koleo la kuvutia mkanda wa viti, viko chini ya kitanda, sikukuambia kwa sababu kila nikigusia kuja unaniambia chumba kimejaa. Nikajua hunitaki hapo. Nikajua unaona mikono yangu inafaa sponji tu.

Ungeniambia Aprili, Mei ningekuwa nimekaa kwenye benchi, na hiyo miezi kumi na miwili isingetimia kamwe.

Sitakuambia uape. Sitakuambia usiape. Barua uliziandika wewe. Kiwandani sijawajibu.

Gundi

Nimesahau kukuamkia hapo juu. Shikamoo.


29 Julai

Kwa Mmiliki wa Nyumba,
Nakala: Binti wa Mmiliki

YAH: UAMUZI WA KAMATI

Kamati ilikutana tarehe 25 Julai. Mmiliki alifika saa mbili na nusu, akapanda ngazi mwenyewe, na kabla ya kuulizwa chochote aliomba barua zake zirudishwe. Alipoapishwa alieleza kuwa habari zote za kazi katika barua hizo kumi na nane si za kweli, kwamba karakana ilisimama tarehe 9 Aprili mwaka jana kwa sababu ya ugonjwa, na kwamba binti yake hakujua.

Kwa maelezo hayo, matumizi yalisimama kwa zaidi ya miezi kumi na miwili mfululizo. Haki chini ya Kifungu cha 14 imekoma. Kibao cha karakana kiondolewe ndani ya siku thelathini. Kwa kuwa mmiliki alisema kweli kwa hiari yake, hakuna faini.

Mmiliki aliuliza endapo kuna njia nyingine. Kamati ilimweleza habari ya Kifungu cha 21, kinachohusu kazi ya nyumbani. Katika Eneo la Makazi, ufundi wa mikono unaruhusiwa ndani ya chumba kimoja kisichozidi robo ya nyumba, bila kibao barabarani, bila mashine ya kelele na bila kuajiri mtu kutoka nje, mradi anayeufanya ni mkazi wa kudumu wa nyumba hiyo. Fomu hujazwa kwa jina la mkazi atakayefanya kazi. Si lazima awe ndiye mmiliki. Fomu imeambatishwa na ikamilike kabla ya tarehe 20 Agosti.

Barua kumi na nane zinarudishwa kwa binti aliyezituma. Kamati ilizisoma zote na haina shaka kuwa mwandishi anaijua kazi yake.

Afisa Mipango Miji


5 Agosti

Gundi mwanangu,

Marahaba, na ile ya mwisho wa barua nimeipokea pia.

Mwandiko huu ni wangu, wa mkono wa kushoto. Taipureta nimemrudishia Mwalimu. Mistari inapanda mlima, utanisamehe, na barua hii imenichukua siku mbili na chai nyingi.

Uamuzi umeuona. Ngazi zile nilizipanda kwa mapumziko manne. Barua yako ya tarehe 17 ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeshakata shauri kabla haijafika, lakini ilipofika nikaona nilichelewa miezi kumi na mitano kukata shauri hilo. Watu watatu wa Kamati, na yule bibi karani wa miwani anayeandika kila kitu. Nilipomaliza kusema, mmoja akaniuliza kama kile kiti cha wakili mnene kilikuwepo kweli. Nikamwambia kilikuwepo, na wakili alikuwepo, na kilivunjika mara tatu. Wakacheka, nami nikacheka, kisha nikashindwa kuzuia machozi mbele yao. Nakuambia ili usikie kwangu, usije ukasikia kwa Mwalimu, maana alikuwa nyuma yangu na hana siri tena.

Kibao tumekishusha juzi. Mwalimu alipanda, mimi nikashika ngazi. Nyuma yake ukuta una rangi ileile ya kijani aliyoichagua mama yako, haijapigwa jua hata siku moja. Nimekiingiza ndani.

Sikuwahi kuona mikono yako haifai. Uliwamba stuli ukiwa na miaka kumi na mbili, nimeikalia asubuhi hii nikivaa viatu. Chumba nilikisingizia viti kwa sababu ya mkono wangu, wala hapakuwa na sababu nyingine. Nimekudhulumu, mwanangu. Nakuomba radhi, na sijui kusema zaidi ya hapo kwa mkono huu.

Sasa ile fomu. Niliipeleka jana mwenyewe. Chumba cha kazi nikaandika kilekile cha mbele, Mwalimu alikipima na kamba, kinaingia kwenye robo na sentimita nane zinabaki. Mashine hakuna. Mwajiriwa hakuna. Walipouliza jina la mkazi atakayefanya kazi, nikaandika lako, bila kukuuliza, nikijua kabisa ni kosa jingine. Chini yake kuna mstari unasema, "Idadi ya wakazi wa nyumba hii." Hapo nikakwama. Karani akasubiri. Nikamwambia leo ni mmoja, lakini naomba uandike wawili. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee, uliapa hapa wiki iliyopita." Nikamwambia ndiyo, kwa hiyo andika kwa penseli.

Akaandika kwa penseli. Amesema wa kuikoza kwa wino ni wewe tu, mbele yake, kabla ya tarehe ishirini. Usipofika, ataifuta na fomu itarudi kwangu, na hakuna atakayekulaumu, mimi nikiwa wa kwanza kutokulaumu. Ukuu wa kitengo si jambo dogo. Lakini safari hii sikuambii saini. Nakuambia ninavyotaka: nataka urudi.

Chumba chako nimekifungua madirisha na kukipiga deki. Kona ya nyuma ya mlango haijatakata vizuri, mkono wa kushoto bado haujui kona.

Baba yako


12 Agosti

Baba, shikamoo.

Nimewajibu kiwandani. Nafika tarehe 18 kwa basi la asubuhi, na boksi langu ni zito, mwambie Mwalimu aje na toroli.

Usipande tena zile ngazi mpaka nifike, tutapanda wote. Mwambie karani asifute. Kalamu ninayo.

Gundi